Kupanga Upya Makao ya Darini Katika Nyumba Kongwe ya Mji wa Kale, Mombasa

Katika nyumba nyingi za orofa za Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni mpaka Kuze na Mlango wa Papa, sehemu iliyo chini ya mabati haikukusudiwa tangu mwanzo kuwa makao kamili. Ilikuwa pa kuwekea masanduku, magodoro ya wageni na sufuria za harusi, na mtu alipanda huko kwa haja maalumu kisha akashuka. Leo kijana akioa na kukosa chumba, au familia ikitaka kodi kidogo ya kuitunzia nyumba yenyewe, darini ndiko kunakofikiriwa kwanza. Fundi huitwa, viambaza hupigwa kwa siku nne, na mwezi haujaisha wakaaji wanagundua kwamba mtu haamki kitandani bila kugonga kichwa, jiko liko mahali pasipofika upepo, na nafasi nzuri kuliko zote imeliwa na ujia.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye makao ya namna hiyo anayetaka kuyapanga upya bila kuiumiza nyumba. Nimeshiriki kazi hii mara kadhaa, na kwa uchungu zaidi katika nyumba ya halati yangu, dada wa mama, iliyoko Kibokoni, na kuna jambo moja ambalo siliachi: chini ya paa la mteremko, mchoraji wa ramani ni paa. Ukianza na kuta utapata vyumba vinavyopendeza kwenye karatasi na visivyokalika. Ukianza na kimo, kuta nyingi zitajipatia mahali pake.

Hatua ya 1: Chora ramani ya kimo kabla ya ramani ya vyumba

Tafuta tepu ya kupimia ya mita 5, uzi, chaki, na fimbo mbili zilizonyooka, moja ikatwe mita 2 kamili na nyingine mita 1.5. Isimamishe ile ndefu wima chini ya mgongo wa paa, kisha isogeze polepole kuelekea upande ambako paa linashuka. Pale kichwa cha fimbo kinapogusa silingi, tia alama ya chaki sakafuni. Rudia hivyo kila baada ya mita moja kwa urefu wote wa nyumba, kwa sababu kuta za matumbawe hazikunyooka na kenchi za zamani, zile mbao zinazobeba paa, huwa zimelegea hapa na pale, kisha unganisha alama kwa uzi. Fanya vivyo hivyo kwa fimbo fupi. Ukimaliza utaona sakafuni maeneo matatu: la kusimama na kutembea, la kukaa na kulala, na lile la pembeni kabisa ambalo ni la kuwekea vitu tu.

Nitachukua mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Tuseme nafasi ya ndani ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5.5, na mgongo wa paa unafuata ule urefu, kutoka mashariki upande wa bahari hadi magharibi upande wa barabara. Kuta za kaskazini na kusini ni fupi, mita 1.2 tu pale paa linapozikuta, na chini ya mgongo kimo ni mita 3.4. Maana yake ni kwamba kila mita moja unayoondoka kwenye ukuta mfupi, silingi inapanda sentimita 80. Kimo cha mita 2 hupatikana mita moja kutoka kila ukuta mfupi. Basi katika zile mita za mraba 55 ambazo mwenye nyumba anazitaja kwa fahari, anazoweza kusimama ni 35 tu, nazo zimekaa katikati kama mkeka mrefu wenye upana wa mita 3.5.

Vipimo hivyo vinahesabiwa kutoka chini ya silingi. Kama bado hakuna silingi na unaona mabati matupu, punguza kabisa kama sentimita 12 kwa ajili ya silingi utakayopiga, na ujue kwamba katika mfano wetu sentimita hizo 12 zinausogeza mstari wa mita 2 ndani kwa sentimita 15 kila upande. Wengi husahau jambo hili, na ndiyo sababu mlango uliokuwa unapita vizuri siku ya kupima unakwama chini ya silingi siku ya kufungwa.

Hatua ya 2: Jua sakafu inabebwa na nini

Shuka katika chumba cha chini, inua macho, na uchore boriti zote unazoziona: zinaelekea wapi, zimeachana kiasi gani, na zinaingia katika ukuta upi. Boriti za mikoko hazina urefu wa kuvuka chumba kipana, na ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za zamani ni vyembamba, aghalabu mita mbili na nusu mpaka karibu na tatu. Katika mfano wetu kuna ukuta mnene wa sentimita 50 unaopita katikati ya nyumba kwa urefu wake, na boriti zinatoka kwenye ukuta huo kwenda kaskazini na kusini, mita 2.5 kila upande. Juu ya boriti kumepangwa mawe na chokaa, na unene wake wakati mwingine unafika futi moja. Sakafu hiyo tayari imebeba mzigo mkubwa kabla hujaweka hata kiti.

Jaribu kila boriti kwenye ncha zake mbili, pale inapoingia ukutani, kwa kuwa huko ndiko unyevu unakokaa na mchwa wanakoanzia. Igonge kwa mpini wa nyundo usikilize, kisha ichome kwa bisibisi. Katika nyumba ya halati, boriti ya tatu kutoka dirishani ilionekana nzima, imepakwa rangi ya kahawia inayong'aa, lakini bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini bila kusukumwa, na unga wa rangi ya ugoro ukamwagikia kitanda cha mpangaji wa chini. Mchirizi wa mabati ulikuwa umetoboka juu ya mahali hapo, na maji ya mvua yalikuwa yakiteremka ndani ya ukuta pasipo mtu kujua. Ukikuta hali kama hiyo, simamisha mipango ya vyumba na umwite mhandisi wa majengo. Mchirizi uzibwe kwanza, boriti ibadilishwe, ndipo mrudi kwenye ramani.

Baada ya hapo shika hesabu chache za uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 1,000 lililojaa ni tani nzima iliyosimama mahali pamoja. Zege la unene wa sentimita 5 linaongeza kama kilo 120 kwa kila mita ya mraba. Kiambaza cha bloku nzima za saruji za inchi sita, kikivuka upana wote wa mfano wetu na kufuata mteremko wa paa, kinakaribia tani 4, na kwa kuwa kinakwenda sambamba na boriti, uzito huo wote unaangukia boriti mbili au tatu. Kiambaza hicho hicho kikijengwa kwa fremu ya mbao na plaiwudi pande zote mbili, hakifiki robo tani. Sioni sababu yoyote ya kupandisha bloku darini.

Vitu vizito visivyoepukika viwekwe karibu na kuta zinazobeba ncha za boriti, kamwe visiwe katikati ya boriti. Hapa paa na sakafu vinakubaliana: ule ukanda wa mita moja ambao huwezi kusimama ndani yake ndio pia mahali ambapo boriti zina nguvu zaidi. Masanduku, vitabu, gunia la mchele na tangi fupi la maji viende huko.

Jambo la saruji nalitaja kwa msisitizo. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu unaingia na kutoka. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya misimu miwili ya mvua lipu inavimba na kuanguka vipande vikubwa pamoja na uso wa jiwe. Fundi mmoja alimhakikishia halati kwamba saruji ni "ya kudumu, Bi Mkubwa, hutaniita tena." Tulimwita mwingine mwaka wa pili, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuibandua saruji hiyo yote na kurudisha chokaa na mchanga, fungu moja kwa matatu.

Hatua ya 3: Ruhusa

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Mabadiliko yanayoonekana kutoka nje, kama vile dirisha jipya, kuinua paa au kugusa roshani, yanahitaji idhini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya pamoja na kibali cha ujenzi cha Kaunti ya Mombasa. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 ndiyo inayolinda majengo ya aina hii. Nenda na ramani yako ya kimo na mchoro wa boriti. Maafisa hukuelewa upesi ukiwa na vipimo mkononi. Kama nyumba ni ya wakfu, msimamizi wa wakfu aulizwe kabla ya mtu mwingine yeyote, na kama ni nyumba bila ardhi, soma upya mapatano yenu na mwenye ardhi kuhusu mabadiliko ya jengo.

Hatua ya 4: Ngazi inafika wapi

Kabla ya kugawa vyumba, tazama mtu anapopanda ngazi kichwa chake kinatokea wapi. Ngazi nyingi za zamani zimebanwa kwenye ukuta wa pembeni, kwa hivyo mtu anafika juu akiwa ameinama chini ya mteremko, huku mkono mmoja umebeba ndoo. Katika mfano wetu ngazi inapanda kando ya ukuta wa kaskazini, na kidato cha mwisho kiko mahali ambapo silingi iko mita 1.6 kutoka chini. Usikimbilie kuhamisha tundu la ngazi, kwa sababu boriti zimepangwa karibu karibu na tundu jipya litakata nyingi kwa mpigo. Dawa yake mara nyingi ni kugeuza vidato vitatu vya mwisho vielekee katikati ya nyumba, ili mtu afike chini ya mgongo wa paa, penye kimo kizuri.

Ukilazimika kutengeneza ngazi upya, kanuni ya mafundi ni hii: kimo cha kidato mara mbili, jumlisha upana wa kukanyagia, jumla iwe kati ya sentimita 60 na 64. Kupanda mita 3.6 kwa vidato 20 vya sentimita 18, vyenye upana wa sentimita 26, kunahitaji karibu mita 5 za sakafu ya chini. Kama mita hizo hazipo, ngazi ipindwe katikati kwa kituo cha kupumzikia. Usiifanye wima kama ya kupandia mnazi, kwa maana wazee watapanda mara moja na hawatarudi tena.

Hatua ya 5: Choo, bafu na jiko vikae pamoja, karibu na bomba

Bomba la maji taka la inchi nne linahitaji kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita ili lisizibe. Choo kikiwa mita 3 kutoka kwenye bomba kuu la wima, mteremko peke yake ni sentimita 7.5, ongeza unene wa bomba lenyewe, nawe umelazimika kuinua sakafu ya bafu kwa karibu sentimita 19. Chini ya paa, sentimita 19 ni mali. Kwa hiyo kwanza tafuta bomba kuu linapita wapi nje ya ukuta, na choo kiwe ndani ya mita moja kutoka hapo. Tuseme liko upande wa kusini, karibu na katikati ya nyumba. Basi bafu liwe hapo, na karo la jikoni liwe upande wa pili wa kiambaza hicho hicho, ili mabomba yote yapite mahali pamoja ambapo fundi anaweza kuyafikia.

Kiti cha choo kina hesabu mbili za kutimiza kwa pamoja. Kutoka Mombasa kibla, upande wa swala ambao chooni hauelekewi wala haupewi mgongo, iko karibu kaskazini kamili, kwa kuwa Makka na mji wetu ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo. Katika nyumba ambayo mgongo wa paa unatoka mashariki kwenda magharibi, kiti kilichoegemezwa ukuta mfupi, wa kaskazini au wa kusini, kitamfanya mtu aelekee kibla au aipe mgongo. Kiegemeze kwenye kiambaza kinachokata nyumba, mtu aelekee mashariki au magharibi, na katikati ya kiti pawe mita moja kutoka ukuta mfupi ili anayesimama apate mita zake 2. Nafasi iliyobaki nyuma ya mteremko inafaa kwa rafu za taulo na sabuni. Pa kuogea pawe upande wa ndani, penye kimo cha mita 2.2 au zaidi, maana mtu anayejimwagia maji hunyanyua mikono.

Sakafu ya bafu isimwagwe zege. Tumetumia plaiwudi ya kuhimili maji juu ya fremu nyepesi, ikafunikwa kwa trei ya faiba iliyopandishwa ukutani sentimita 15 pande zote, na ikateremshwa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Kabla ya kupiga taili nyepesi juu yake, ziba tundu, mwaga maji ya kina cha sentimita 3, uyaache saa 24, kisha ushuke mwenyewe ukatazame dari ya jirani wa chini kwa tochi. Usimtume mtoto. Doa dogo kama sarafu siku hiyo ni kazi ya nusu saa. Doa hilo likigunduliwa baada ya taili, ni ugomvi wa nyumba mbili.

Jikoni, kosa linalorudiwa ni kusukuma meza ya kupikia mpaka kwenye ukuta mfupi. Meza ya kina cha sentimita 60 ikifanywa hivyo, mpishi anasimama mahali ambapo silingi iko mita 1.9 tu kutoka sakafuni, na kila anapoinama kutazama sufuria, paji la uso linakutana na mteremko. Isogeze meza mbele kwa sentimita 40, na hizo 40 za nyuma zifanywe kabati la kuwekea unga, mafuta na vyungu visivyotumika kila siku. Sasa mpishi anasimama penye mita 2.2. Mtungi wa gesi uwekwe mbali na kichwa cha ngazi, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja itateremka kwenye tundu la ngazi hadi kwa walio chini. Kabati lake liwe na matundu ya kutolea hewa nje, karibu na sakafu. Jiko la makaa lisipandishwe darini hata kwa siku moja ya umeme kupotea. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu wala rangi, na haingoji mtu amalize kupika.

Hatua ya 6: Ondoa ujia, vyumba vikate upana

Ramani niliyoikuta darini kwa halati ilikuwa hii: ujia wa mita moja katikati, chini ya mgongo wa paa, na vyumba vinne, viwili kila upande. Kwenye karatasi kila chumba kilikuwa na upana wa mita 2.25. Ukipima kwa fimbo, sehemu ya kusimama ndani ya kila chumba ilikuwa mita 1.25, upana wa kitanda kidogo, wakati kimo kizuri kuliko chote, cha mita 3 na zaidi, kilikuwa cha watu kupitia tu. Ujia huo ulichukua mita za mraba 10 kati ya zile 35.

Vyumba vilale kwa upana wa nyumba, kutoka ukuta mfupi mmoja hadi wa pili, ili kila kimoja kipate sehemu yake ya katikati yenye kimo na pembe zake mbili za chini. Katika mfano wetu, mita 3.5 za magharibi ziwe sebule, kwa kuwa ziko upande wa barabara na mgeni hatapita mbele ya mlango wa kulala, mita 3 za katikati ziwe kituo cha ngazi upande wa kaskazini na bafu upande wa kusini, mita 3.5 za mashariki ziwe pa kulala. Jiko liingie pembe ya sebule inayopakana na bafu. Ujia uliobaki ni mita 3 tu, na hata huo una faida, kwa sababu ndiyo njia ya upepo.

Kitanda cha futi tano kwa sita kilazwe kichwa kikiwa kwenye ukuta mfupi. Mtu akikaa kitandani kichwa chake hakipiti mita 1.4 kutoka sakafuni, na sentimita 40 kutoka ukutani silingi iko zaidi ya mita 1.5, kwa hiyo anakaa na kusoma bila kuguswa. Akishuka upande wa miguu anasimama wima kabisa. Hivyo kitanda kinatumia nafasi ambayo isingemfaa mtu kusimama, na katikati ya chumba panabaki wazi kwa kuswalia, kuvalia na kumlaza mtoto mkekani.

Ikiwa chumba cha mashariki lazima kigawanywe kwa ajili ya watoto, kigawe kwa kabati refu la nguo chini ya mgongo wa paa, juu ya ule ukuta mnene wa katikati. Hapo uzito unashuka moja kwa moja ukutani, na kila nusu inapata dirisha lake katika ukuta wa mashariki, ule unaopanda pembetatu hadi kileleni.

Katika haya yote kuna jambo la sitara. Dirisha la darini huona mbali kuliko madirisha mengine, na linaweza kufungua ua wa jirani ambao wanawake wake wamezoea kukaa bila mtandio. Kabla ya kuamua kitanda au kiti kikae wapi, simama dirishani uone unaona nini, na panapohitajika weka mbao za lova zilizoelekezwa juu, zinazopitisha upepo na kuzuia macho.

Hatua ya 7: Upepo na joto

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na katika siku za Machi na Oktoba jua hupita juu kabisa ya mabati. Feni peke yake haitoshi. Inazungusha hewa ya moto iliyokwisha kukusanyika. Silingi ifuate mteremko wa paa, ikiacha pengo la sentimita 10 kati yake na mabati, na pengo hilo liwe wazi chini kwenye ukingo wa paa na juu kwenye mgongo, likiwa na wavu wa kuzuia popo na ndege. Hewa iliyopata moto chini ya mabati itapanda na kutoka yenyewe, na mpya itaingia kwa chini. Mabati yakipakwa rangi nyeupe kwa juu, mkono ukigusa silingi saa nane mchana unaona tofauti, ila rangi ya paa nayo iulizwe kwenye idhini.

Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo dirisha la mashariki linapata pepo zote mbili. Ili upepo uvuke nyumba mpaka dirisha la magharibi, viambaza visifike mgongoni mwa paa. Vikomeshwe kwenye mita 2.1, na juu yake pawekwe kimia cha mbao. Sauti zitapita, sikatai, na maharusi wapya huenda wasipende. Wao wawekewe vijilango vidogo vya mbao vinavyofungwa usiku. Kiambaza cha bafu pekee ndicho kifike juu kabisa, nacho kiwe na tundu lake la kutolea mvuke nje.

Hatua ya 8: Ishi na chaki kabla ya kupiga msumari

Chora ramani mpya sakafuni kwa chaki, ukubwa wake halisi, milango ikiwa na mizunguko yake. Milango iwe katika eneo la kusimama, upana wa sentimita 80, na ikiwezekana ifunguke kuelekea katikati, penye kimo kirefu. Pitisha kitanda, godoro na mtungi wa gesi kati ya mistari hiyo. Waite watakaokaa humo, hasa mpishi na mzee wa nyumba, watembee usiku taa zikiwa zimezimwa. Kwa halati ilichukua siku tano, na mlango wa bafu ulihamishwa mara mbili kwa kuufuta kwa kitambaa kibichi. Hakikisha pia kwamba kuna njia ya pili ya kutokea moto ukiziba ngazi, kwa mfano dirisha lisilo na vyuma linalofungukia paa la jirani, na kwamba jirani huyo anajua na ameridhia.

Kazi yenyewe ianze juu. Paa na michirizi vitengenezwe kati ya Januari na Machi, wakati wa kaskazi kukavu, kabla ya masika. Yafuate mabomba, kisha nyaya za umeme ndani ya mabomba yake yasiyoshika moto, kisha silingi, na viambaza viwe vya mwisho, vikifungwa kwa skurubu badala ya misumari ili viweze kuhamishwa bila kuvunja kitu. Chokaa ya kuta ipakwe nyembamba, mara tatu, kila mara ikikaushwa kwanza.

Mvua kubwa ya kwanza ya Aprili ikinyesha, panda na tochi usiku huo huo. Pita kando ya kuta fupi zote mbili, fungua makabati ya chini ya mteremko, na upapase kwa kiganja pale silingi inapokutana na ukuta na pale bomba linapotokea nje. Panapokuwa na ubaridi wa maji, zungushia mstari wa chaki na uandike tarehe, ili fundi atakapokuja asubuhi apate mahali pa kuanzia.